Mstari Ulifika Mia Kabla ya Picha

Mguu wa mama yangu ulivunjika mara mbili. Mara ya kwanza ulivunjwa na matope ya Malaba. Mara ya pili mkono wangu ulikuwemo, kwa sababu ya mstari mdogo wa kijani niliouandika mwenyewe, nikalipwa mshahara, tena nikasifiwa. Watu wakiniambia nisijilaumu nawaangalia tu. Sikuomba ushauri wa mtu.

Acha nieleze kazi yenyewe kwanza, maana kwetu Mundika bado kuna watu wanaodhani mimi hurekebisha simu. Mimi naandika programu za kompyuta. Nilisomea hapo Alupe, kwenye kampasi, na nilipomaliza nikapata kazi Busia mjini katika kampuni ndogo ya watu wanne, ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kufungua picha za eksirei. Kliniki nyingi ndogo za huku mpakani zina mashine ya kupiga picha katika jengo moja na daktari katika jengo lingine, pengine hata mji mwingine. Mgonjwa anapigwa picha, picha inatumwa kwa intaneti, daktari anaifungua kwenye kompyuta yake na kuisoma. Huko kufungua ndiko kulikokuwa kazi yetu.

Picha ya eksirei si kama picha ya harusi unayomtumia shangazi kwa simu. Ni nzito, na husafiri ikiwa imebanwa kama belo la mitumba. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga soko la Busia anajua kwamba belo likishushwa kutoka kwa gari, hujui bado umenunua nini. Lazima ukate kamba, ufungue, ukung'ute, utenganishe shati na shati, ndipo ujue kama kuna nguo au kuna matambara. Picha nayo ni hivyo hivyo. Kufika ni jambo moja, kufunguka ni jambo lingine, na kompyuta ikiwa kuukuu, kufunguka huchukua muda mrefu kuliko kufika.

Tena programu yetu ilikuwa na mtindo wake. Ili daktari asitazame skrini tupu, ilikuwa inaweka kwanza picha ya haraka, ya ukungu, umbo tu la mfupa. Halafu ilirudi juu na kuanza kushuka polepole ikijaza yale madogo, ukanda baada ya ukanda, mpaka chini. Hayo madogo ndiyo daktari anayoyatafuta. Umbo la mfupa hata mimi nalijua.

Mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi niliuandika mimi. Ule wa kwanza ulikuwa mstari mkweli, na sitaki mtu anibishie hapo. Nusu yake ilikuwa ya kufika na nusu ya kufunguka. Picha ikishafika yote, mstari ulisimama hamsini, chini yake kukaandikwa maneno mawili tu, bado inafunguka. Kisha ulianza kupanda tena kwa kila ukanda uliojaa. Ulikuwa unapanda kwa kusitasita, wakati mwingine unakaa hamsini na sita mpaka unasahau ulikuwa unangoja nini. Lakini ulipoandika mia, ilikuwa mia.

Kliniki zikaanza kulalamika. Zilisema mstari unakwama, programu ni mbovu, wagonjwa wanaona daktari amekaa tu kama amepigwa na butwaa. Bosi wetu akaniita. Huyu bosi, kabla ya kuingilia mambo ya kompyuta, alikuwa wakala wa forodha Malaba kwa miaka mingi, na kila kitu duniani alikipima kwa foleni ya malori.

"Dada," akaniambia, "wewe si umeona ile foleni?"

Nani hajaiona.

"Dereva akikaa pale asubuhi nzima bila kusogea, anashuka, anatukana kila mtu, anapiga honi. Lakini lori la mbele likisogea hata hatua mbili, anawasha injini, anasogea hatua mbili, anazima. Anatulia. Hajafika popote, lakini ametulia. Mimi nataka mstari wa hivyo. Mstari unaosogea."

Alikuwa anasema kweli kuhusu madereva. Hiyo ndiyo desturi ya Malaba, kila mtu anaijua. Hatua mbili zile hazimpeleki mtu Uganda, ila zinampa kitu cha kufanya na mguu wake. Nilimwambia mstari haukuwekwa pale kumtuliza mtu, uliwekwa kumwambia ukweli. Nilimwambia daktari akiona mia atadhani picha imekamilika. Akacheka. Akasema daktari ana macho, na kama picha ina ukungu ataona mwenyewe. Akasema yale maneno ya bado inafunguka yatoke pia, kwa sababu yanawafanya wateja waone kompyuta zao ni takataka.

"Kwani si ni takataka?" nikamuuliza.

"Hiyo usiwaambie."

Nilibishana naye mpaka saa ya chakula. Halafu nikarudi kwenye kiti changu nikaandika mstari anaoutaka. Ulikuwa unasogea kwa kufuata saa, si kazi. Unapanda taratibu, unaongeza mwendo, na faili likishafika unaruka hadi mia na kutoweka, huku chini kwa chini, bila mtu kuambiwa, picha inaendelea kufunguka. Haikunichukua hata alasiri nzima. Uongo si kazi ngumu kuandika, ukweli ndio ulionichukua wiki mbili.

Malalamiko yakaisha. Kabisa. Bosi akafurahi, akatununulia chapati na maharagwe ofisi nzima, akasema mbele ya wenzangu kwamba dada huyu ameelewa biashara. Nami nilikula. Nilikula chapati mbili na nikaomba mchuzi uongezwe, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo ninapolikumbuka.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa mtu wa kutembea. Sisemi alipenda kutembea, nasema alikuwa hajui kuishi kwa njia nyingine. Alikuwa anatoka Mundika na kikapu chake cha mihogo kichwani, na watu waliobaki barabarani wakibishana bei na wenye pikipiki walimkuta sokoni Busia ameshauza nusu. Tulipokuwa watoto tulikimbia ili kulingana na hatua zake. Baba alipofariki, wazee walimwambia apumzike kidogo, akawauliza apumzike akiwa anangoja nani.

Kila Jumanne alikwenda Malaba kumwona mdogo wake, mama mdogo wangu, anayepika katika gesti moja ndogo wanakolala madereva. Alimpelekea mboga za kienyeji, wakakaa jikoni wakasengenya ukoo mzima, jioni akarudi. Jumanne hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa anavuka barabara kwa kupita katikati ya malori mawili, kama watu wote wa pale wanavyovuka, kwa sababu ukingoja foleni iishe ndipo uvuke utazeekea upande huo. Matope yalikuwa yamechanganyika na dizeli. Na lori la nyuma likasogea. Zile hatua mbili. Mama akashtuka, akaruka, akateleza, akaanguka kwa ubavu juu ya ukingo wa mtaro. Dereva hata hakujua. Alikuwa ameshazima injini na kutulia.

Mama mdogo akanipigia simu. Nilipofika Malaba nilimkuta mama amekalishwa kwenye benchi la gesti, uso umekuwa wa majivu, amekataa kabisa kukalia upande wa kulia. Mama mdogo akasema tumpakie kwenye gari twende Alupe, hospitali ipo. Nikasema hapana. Nikasema kuna kliniki hapa hapa, hatua chache, wana mashine ya picha na wanatumia programu yetu.

Nataka niseme hili waziwazi. Sikuchagua kliniki ile kwa sababu ilikuwa karibu. Niliichagua kwa sababu nilitaka mama aone kazi yangu. Miaka yote alikuwa ananiuliza ninafanya nini huko ghorofani na mimi nashindwa kumweleza. Nikaona leo ataona kwa macho yake. Mtu ana mfupa umeumia, mimi natafuta sifa.

Wakampiga picha ng'ambo ya uwanja, kisha tukamleta kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha daktari. Daktari mwenyewe alikuwa kijana mwenye macho ya mtu ambaye hajala. Nje kulikuwa na benchi limejaa, na wengine wamesimama. Mezani kulikuwa na kompyuta ambayo feni yake ilisikika kama posho mill ya kusaga unga. Nikainama nikamnong'oneza mama, "Hiyo sasa ndiyo kazi yangu." Akainua kichwa, na maumivu yake yote, akatazama.

Mstari ukaanza. Ishirini. Arobaini na saba. Themanini na moja. Ulikuwa unapanda vizuri sana, laini, kama nilivyouandika. Mia. Ukatoweka, na mfupa wa nyonga ya mama ukabaki kwenye skrini, mweupe, una ukungu kidogo.

Daktari akautazama kwa muda wa mtu kunywa funda la maji.

"Hakuna mvunjiko, mama," akasema. "Misuli imeshtuka tu. Nitakupa dawa ya maumivu. Usilale lale, tembea tembea, usije ukakakamaa."

Mama akasema, "Daktari, inauma ndani. Kwa mfupa. Si nyama hii."

Daktari akaonyesha skrini kwa kalamu. "Mama, picha haidanganyi." Alikuwa ameshaita jina la mtu mwingine.

Na mimi niliona. Hapa ndipo ninapokosa usingizi, na hapa ndipo sitaki mtu aniambie pole. Wakati mkono wa daktari unakwenda kuifunga ile picha, sehemu ya juu ilikuwa imeanza kubadilika. Ukanda wa kwanza ulikuwa umejaa, mfupa wa juu umekuwa na mistari myembamba, umekuwa mfupa kweli. Chini yake bado ulikuwa ukungu. Niliona kwa macho yangu haya, nikajua ni nini, kwa sababu katika dunia nzima hakukuwa na mtu aliyejua kuliko mimi. Halafu picha ikafungwa. Nami nikasema asante daktari.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mstari ulikuwa umesema mia. Benchi lilikuwa limejaa. Daktari alisema kwa uhakika. Nilikuwa na furaha kwamba kitu changu kimefanya kazi mbele ya mama bila kukwama. Mimi niliyeandika uongo ule, niliuamini kama mtu yeyote kutoka barabarani.

Wiki tatu zilizofuata sipendi kuzieleza, lakini nitazieleza. Mama alikuwa nyumbani Mundika, akisema inauma. Kila asubuhi nilimpigia simu, na sikuuliza umeamkaje, niliuliza umetembea leo. Akisema ameshindwa kufika kisimani, nilimkumbusha picha. Nilisema picha imeonekana, Mama, huna shida. Alikuwa anatembea akiegemea mpini wa jembe. Mama mdogo alinipigia akasema dada yake hayuko sawa, huyo mtu hajawahi kulalamika tangu azaliwe. Nikamwambia uzee umeingia, sasa amegundua kulalamika ni kutamu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani baada ya kanisa. Nilimkuta ameketi nje ya mlango, mchana wote huo, mtungi mtupu, kuku hawajapewa kitu. Nikapandisha sauti. Nilisema, "Mama, hata daktari amesema wewe ni mzima. Unataka nikuletee nani sasa?" Alinitazama tu, akashika mpini wa jembe, akainuka. Akasema, "Ngoja nikupikie chai, umetoka mbali."

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipovuka kizingiti cha jikoni nilisikia sauti kama ya kuni kavu, kisha nikamsikia akianguka. Hakupiga kelele. Aliita jina langu la utotoni mara moja, basi.

Kwenye hospitali kubwa walipompiga picha nyingine, haikuhitaji macho ya daktari. Mfupa ulikuwa umeachana pale chini ya kichwa cha nyonga na kupanda juu. Daktari wa mifupa, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, akaitazama sana. Akaniuliza alianguka lini. Nikamwambia jana. Akasema hapana, kingo hizi si za jana, huu mfupa ulikuwa na ufa siku nyingi.

"Hakupigwa picha mara ya kwanza?"

"Alipigwa."

"Iko wapi?"

Niliipigia kliniki ya Malaba, wakanitumia faili. Nilikuwa na kompyuta yangu kwenye begi. Ndani yake, kwa sababu mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, nilikuwa nimehifadhi ile programu ya kwanza, yenye mstari wa kwanza, ambayo bosi aliniambia nifute. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, daktari amesimama nyuma ya bega langu, nikaifungua.

Mstari ukapanda hadi hamsini, ukasimama. Bado inafunguka. Mfupa ulikuwa pale, una ukungu, mzima kabisa, vile vile kama siku ile. Daktari akasema hii haisomeki. Nikamwambia angoje. Hamsini na mbili. Hamsini na sita, ukakaa. Nilitaka kuivunja ile kompyuta kwenye sakafu. Sitini. Kanda zilikuwa zinashuka moja moja, na kila zilipopita mfupa ulikuwa unajitokeza na chembechembe zake. Sabini na moja. Sabini na tano. Ukanda uliofuata ulipita kwenye shingo ya mfupa, na hapo ukatokea mstari mwingine, mweusi, mwembamba, umelala mshazari. Ulikuwa mwembamba kama unywele ulioanguka kwenye unga.

"Huo hapo," daktari akasema. "Ulikuwepo."

Nikaacha mstari wa kijani umalize hadi mia, sijui kwa nini.

Akanieleza bila ukali, na afadhali angekuwa mkali. Akasema siku ile ya kwanza ilikuwa ni kumlaza tu, asikanyage, wamwekee skrubu ndogo, na baada ya miezi michache arudi kwenye mambo yake. Sasa mfupa umeachana, na kichwa chake kimekosa damu. Itabidi wamwekee chuma. Atatembea, lakini kwa fimbo, na si kwa mwendo ule.

"Nani alimwambia atembee?" akauliza.

Nikamwambia ni watu wengi.

Mama alipokuwa bado wodini nilipanda ngazi za ofisi. Bosi akanipa pole, akaniuliza hospitali gani, akaonekana ameguswa kweli. Kisha nikamweleza kuhusu mstari. Uso wake ukajifunga.

"Dada, tuelewane," akasema. "Huyo daktari ndiye alikosea. Programu ilisema faili limefika. Na lilikuwa limefika. Haikusema limefunguka."

Hebu fikiria mtu anakuambia hivyo mama yako akiwa na chuma ndani ya nyonga. Na ubaya ni kwamba hakukosea. Kila mtu katika jambo hili ana kipande chake cha ukweli, ameking'ang'ania kama tikiti ya basi. Nikamuuliza kama ni hivyo kwa nini alinilazimisha nifute maneno yale mawili. Akasema tusirudi nyuma. Nikaenda kwenye kiti changu, nikarudisha mstari wa kwanza na maneno yake, nikausambaza kwa kliniki zote kabla hajamaliza chai yake. Kufikia saa sita simu zilikuwa zimeanza kulia kwamba programu inakwama. Akaniambia nirudishe ule unaosogea. Nikamwambia arudishe yeye, kama anajua. Nikaondoka, sikuaga. Nimesikia baadaye alimpata kijana wa kumwandikia mwingine.

Nilikwenda pia Malaba kwa yule daktari. Nilikwenda kumtukana, nilikuwa nimepanga matusi yangu njiani moja baada ya lingine. Nikamkuta chumba kile kile, feni ile ile, benchi limejaa. Nikafungua kompyuta nikamwonyesha ule unywele. Akaketi. Aliutazama mpaka mgonjwa wa nje akagonga mlango.

"Mstari ukiniambia mia," akasema, "mimi ni nani nibishane nao?"

Matusi yangu yakaniishia. Nikamwambia kuanzia leo usiamini mstari, tazama picha mpaka iache kubadilika, hata kama benchi limefika Uganda. Akaandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya skrini. Sijui kama bado ipo.

Nilibaki na mtu mmoja wa kumwambia. Nilichelewa miezi. Mama alikuwa ameshatolewa hospitalini, amerudi Mundika, amefundishwa kutembea na fimbo, na mimi nimehamia nyumbani kumsaidia. Alikuwa hajaniuliza chochote. Majirani walikuja kumwona wakasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikawapa chai nikiwa nimeuma meno. Mungu hajui kuandika programu.

Siku hiyo tulikuwa tumeketi tunachambua maharagwe. Nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya bosi na foleni, habari ya mstari mkweli na mstari unaosogea, na nilipofika kwenye picha kufunguka nikatumia mfano wa belo, kwa sababu amenunua mitumba maisha yake yote. Alielewa upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza.

"Kwa hivyo belo lilikuwa na kamba zake," akasema, "na nyinyi mkaniambia hakuna nguo iliyoraruka."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulijua lina kamba."

"Nilijua."

Akaendelea kuchambua. Shuleni walituimbisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia alikuwa mimi, na aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na hakuna mwalimu aliyetuambia inaweza kwenda hivyo. Nilikuwa nangoja aseme nimekusamehe, au anipige na sahani ile ya maharagwe, lolote kati ya hayo. Hakufanya hata moja.

"Ule mstari wako siku ile ulisema nini?" akauliza.

"Ulisema mia."

"Na mimi nilisema nini?"

Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharagwe, anangoja, na hakuwa na haraka.

"Ulisema inauma ndani," nikamwambia. "Kwa mfupa. Ulisema si nyama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hatimaye amejibiwa. Akashusha sahani chini, akatafuta fimbo yake, akasema anakwenda kuweka chai. Nilitaka kuinuka nikaweke mimi, akaninyooshea kidole nikae. Basi nikakaa. Alikwenda polepole sana, fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule mwingine, akapumzika katikati ya uwanja, akaendelea. Sikuangalia pembeni. Nilimtazama mpaka akafika jikoni.